Malalamiko Yangu Dhidi ya Malkia wa Korea

Ezekia Bwire,
Nyumba za Reli,
Makongeni, Nairobi.

Alhamisi, 19 Septemba 1996

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukumbi,
Kanisa la Mlima wa Subira,
Jogoo Road.

KUH: KUVURUGWA KWA MTAA NA MALKIA WA KOREA

Mzee wangu Wekulo,

Nakuamkia kwa heshima yote anayostahili mtu aliyesimama nami siku ya harusi yangu, akala keki vipande vitatu, na tangu siku hiyo hajaniuliza hata mara moja kama ndoa inaendelea. Mimi ni mzima. Kifua kinanisumbua kidogo kwa sababu ya vumbi la stoo ya Reli, lakini hilo si jambo la Kamati. Jambo la Kamati ni Malkia.

Kabla sijaingia ndani nina ombi moja. Kanuni ya nne ya Kamati yetu, ambayo niliipiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe mwaka wa 1991, inasema kwamba kila barua iletwayo kwa Kamati sharti ifunguliwe, isomwe kwa sauti mbele ya wajumbe tangu juu mpaka chini kabisa, na isirudishwe kwa mwandishi bila kusomwa. Naomba kanuni hiyo ifuatwe Jumamosi hii. Barua isitiwe kwenye faili ikapoa humo. Mimi ni karani, najua jinsi barua zinavyopoa.

Kwa faida ya wajumbe wapya, nieleze tulikotoka. Desemba iliyopita yule dada mmishenari Mkorea aliyekuwa akifundisha kwaya alirudi kwao, akatuachia kinanda, mwavuli mmoja, na katoni yenye kanda kumi na sita za video. Kanda zile ni mchezo wa televisheni wa huko kwao, kuhusu malkia mmoja wa kale ambaye hadithi zake husimuliwa hata kwa watoto wadogo. Mwezi wa Mei Kamati ilipitisha kwamba zionyeshwe ukumbini kila Jumamosi saa nane mchana, kanda moja kwa wiki, ili akina mama wapate kupumzika. Sikupinga. Nilidhani ni jambo la kupita. Mdharau mwiba guu huota tende, na sasa mtaa mzima unachechemea.

Hadithi yenyewe ni fupi, ingawa Wakorea wameifanya ndefu. Kuna Mfalme. Kuna Malkia, mke wake wa ndoa, mtu mpole, ambaye hakujaliwa mtoto. Kisha analetwa ikulu mwanamke wa pili, anazaa mtoto wa kiume, na hapo hapo anaanza kunong'ona. Mfalme anaisikiliza minong'ono. Kwenye kanda ya kumi na moja anamfukuza Malkia, ambaye anatoka na nguo nyeupe za kawaida tu mwilini, akaenda kuishi katika nyumba iliyo nje ya mji, uani kwake majani yakifika magotini. Halii. Hilo ndilo lililowamaliza akina mama, kwamba halii.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu ufasiri wa Bwana Muasya. Bwana Muasya ni mchonga vinyago hodari na sina ugomvi na tezo lake. Kamati ilimpa kazi ya kutufasiria kwa sababu zamani aliendesha tingatinga kwa Wakorea waliokuwa wakijenga barabara kule kwetu magharibi. Maneno ya Kikorea anayoyajua kwa hakika, kwa kukiri kwake mwenyewe, ni "rudi nyuma", "simama", "leta kokoto" na "chakula kiko wapi". Kwa maneno haya manne ametufasiria siasa za ikulu kwa miezi minne. Waziri akizungumza dakika tatu nzima, ndevu zikimtetemeka, Muasya husema, "Amekataa." Lakini Malkia akinyamaza, Muasya huinuka kitini, huvua kofia, na kuufasiri ukimya huo kwa dakika tano, na humo hutia wajane, mayatima, mvua iliyokosekana Kitui na maneno ya marehemu nyanya yake. Nilipoinua mkono kuuliza inawezekanaje mtu kufasiri maneno ambayo hayakusemwa, Bi. Kavutha, mwenyekiti wa akina mama, alinigeukia mbele ya watu akasema, "Wewe Bwire, hiyo Kikorea ulisomea wapi? Hebu nyamaza tusikie vile amenyamaza."

Ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza Malkia akinyamaza. Mimi nina miaka ishirini na miwili kazini na sijawahi kuona mkutano wa namna hiyo.

2. Kuhusu jina. Jina la Malkia la Kikorea liliwashinda akina mama kulitamka. Hapa mtaani mwanamke huitwa kwa mtoto wake, Mama Marion, Mama Opicho, lakini Malkia hana mtoto, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumwita. Wa kutoka magharibi wakasema aitwe Khalayi, kwa kuwa anavyokaa kitini ni msichana wa Mumias kabisa. Wa kutoka Ukambani wakasema mwendo ule ni wa Machakos, aitwe Ndinda. Wiki mbili chai ilipikwa katika birika mbili tofauti. Ninyi wazee mlikaa kimya, na wewe mwenyewe, Mzee Wekulo, nilikuona ukinywa kutoka birika zote mbili.

Aliyelimaliza jambo lile ni mke wangu Muhonja. Alisimama akasema, "Si mumuite tu jina lake, vile mnaniita mimi Muhonja? Bado ni mtu." Basi akaitwa Malkia Khalayi Ndinda, na birika zikarudi kuwa moja. Sasa mwanamke wa Korea ana makabila mawili ya Kenya, wakati mimi ninalo moja tu. Hayo maneno ya Muhonja sikuyatilia maanani wakati ule. Nilikuwa nikitafuta sukari.

3. Kuhusu orodha ya wagonjwa. Kwenye kanda ya tisa Malkia aliugua homa. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa kanisani miongoni mwa wagonjwa wanaohitaji maombi, baada ya Mzee Muoki wa mguu na kabla ya mtoto wa Teresiah wa tetekuwanga. Mhubiri mgeni aliuliza Dada Khalayi amelazwa wadi gani. Kwenye kanda ya kumi alipona, na watu wakatoa ushuhuda.

4. Kuhusu matanga. Hapa ndipo nilipoanza kuogopa. Malkia alipofukuzwa, akina mama walisema nyumba iliyofikwa na jambo kama hilo haiachwi peke yake. Jumamosi ya tarehe kumi Agosti walikuja ukumbini leso zimefungwa viunoni, wamebeba sukari, majani ya chai, unga na mafuta ya kupikia, wakaketi mikekani, na wanaume tukaambiwa tuwashe moto nje. Wakati wa kukabidhi vitu ulipofika, likazuka swali: vikabidhiwe nani? Mfiwa yuko Korea, tena Korea ya zamani. Wakashauriana, wakaamua kwamba apewe Bwana Muasya, kwa kuwa ndiye jamaa yake wa karibu aliye Nairobi.

Muasya hakukataa. Aliinamisha kichwa, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa niaba ya familia, na mpaka leo anakunywa chai ya tangawizi asubuhi na jioni. Mimi nilitoa kilo mbili za sukari. Nilizitoa kwa sababu za ujirani mwema, na naomba isichukuliwe kuwa nilikuwa na huzuni.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya matanga, ambapo wanaume tulipewa nafasi ya kusema machache. Nitalirudia jambo hili nikifika namba ya saba.

5. Kuhusu mavazi na mwendo. Akina mama wa Kanisa letu sasa wanakwenda soko la Gikomba mapema kungojea marobota ya mitumba yafunguliwe, wakitafuta nguo pana za mikono mirefu. Wachuuzi wameshajua. Mmoja anainua joho analovaa Mzungu akitoka kuoga na kuita, "Malkia kamera, Malkia kamera," maana kamera ndilo jina lao la nguo safi ya kwanza kutoka robotani. Bi. Kavutha alikuja ibadani na joho hilo la kuogea, la buluu, lenye mfuko wa kutilia sabuni, akapita katikati ya viti polepole hata wimbo wa kwanza ukaisha kabla hajafika mahali pake. Mchungaji aliomba tuuimbe tena.

Wanaume nasi tumepewa cheo tusichokiomba. Mwanamume akichelewa kurudi, akikohoa vibaya, akisema mchuzi hauna chumvi, huambiwa, "Haya, Mfalme amefika." Ndugu Mbithi, dereva wa lori, mtu asiyejua hata filamu moja, alikuja kuniuliza kazini Mfalme huyu ni nani na ni kwa nini anasingiziwa yeye. Nilimwambia asiulize, anyenyekee tu.

6. Kuhusu firigisi. Mzee Wekulo, wewe ni mtu wa kwetu na hili sihitaji kukufundisha, lakini wajumbe wa Ukambani wasikilize. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiombwi wala haigawanywi, inakuja yenyewe juu ya sahani, na hata mwanamume akiwa safarini huwekwa mpaka arudi. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa firigisi ilikuja kwangu bila kukosa. Mwaka ule nilipolazwa kwa nimonia, Muhonja alitembea kutoka nyumbani mpaka hospitali ameifunga katika kitambaa, ili isije ikasemekana nilikuwa mgonjwa nikakosa firigisi.

Jumapili tarehe kumi na moja Agosti, siku iliyofuata yale matanga, Muhonja alipika kuku. Akanipakulia bawa na shingo. Shingo, Mzee Wekulo. Kisha akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia kinywani mwake, akatafuna taratibu, huku akiutazama ukuta juu kidogo ya kichwa changu, pale pale Malkia anapotazama mawaziri wanapomtukana. Nikala shingo.

7. Kuhusu mke wangu. Siku ya pili yake, Jumatatu, nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria zimeoshwa na kufudikizwa, ugali umefunikwa, na Muhonja hayupo. Amekwenda Tassia kwa dada yake Lenah, na hii ni wiki ya sita. Aliacha kipande cha karatasi chini ya kikombe changu, kimeandikwa, "Nitarudi siku yule atarudi ikulu." Hakikuandikwa jina. Hakukuwa na haja.

Nimemwandikia barua mbili. Zote mbili zimerudi hazijafunguliwa, juu ya bahasha pameandikwa "Hayuko", kwa mwandiko ambao ni wa Muhonja mwenyewe. Ninaufahamu mwandiko huo kuliko ninavyoufahamu wangu.

Sasa nirudi kwenye maneno niliyoyasema siku ya matanga, kwa kuwa mtaani yamenukuliwa kwa namna nyingi, na baadhi ya namna hizo ni mbaya kuliko nyingine. Nilisimama kwa niaba ya wanaume. Nilikuwa nimechoka na moto ulikuwa umenitia moshi machoni. Ndugu zangu wawili wa nyumbani wameniandikia mwaka huu mzima kwamba nitafute mwanamke wa pili, na maneno yao yalikuwa yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikasema, "Tusimlaumu Mfalme. Mwanamke asiyezaa anakaa ikulu kufanya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kila mtu ukumbini anajua kwamba mimi na Muhonja hatuna mtoto. Kila mtu aliacha kunitazama mimi akamtazama yeye. Moto nje ulisikika. Hata Bwana Muasya, anayefasiri kimya cha mtu yeyote, hicho hakukifasiri. Muhonja aliinuka, akakunja leso yake mara mbili, akatoka kwa mlango wa upande. Hakulia.

Kutokana na hayo ni wazi kwa mjumbe yeyote mwenye haki kwamba kosa ni la Malkia. Kama hangefukuzwa, hakungekuwa na matanga. Kama hakungekuwa na matanga, nisingepewa nafasi ya kusema. Na kama nisingepewa nafasi ya kusema, leo ningekuwa na mke na firigisi. Nimelipima jambo hili kila upande, usingizi ukiwa umenihama, na sijaona mahali ambapo kosa linanigusa mimi moja kwa moja.

8. Kuhusu kanda ya kumi na sita. Kamati inakumbuka kwamba Jumamosi tarehe saba Septemba watu walijaa mpaka madirishani, kabati likafunguliwa, zikaonekana kanda kumi na tano. Ya mwisho haikuwapo. Kwa hiyo tumebaki na Malkia ameketi katika ile nyumba ya majani marefu, na hakuna ajuaye kama alirudi ikulu au alifia pale. Bi. Kavutha amependekeza kila nyumba ipekuliwe. Mimi napinga pendekezo hilo kwa nguvu zote. Kupekuana hakujengi ushirika. Aidha, mtu aliyeichukua anaweza kuwa mtu mzima, mwenye kazi ya heshima, aliyekuwa na sababu ambazo hata yeye bado hajazielewa vizuri. Tumwachie Mungu.

Baada ya malalamiko hayo, naomba Kamati ifanye yafuatayo:

(a) Kanda zote kumi na tano zilizobaki zichomwe nyuma ya jiko la Kanisa, na Bwana Muasya ndiye amwage mafuta ya taa.

(b) Bwana Muasya arudishe sukari ya matanga, au angalau akiri kwamba yeye na Malkia si ndugu.

(c) Itangazwe kanisani kwamba Malkia si wa Mumias wala wa Machakos, ili watu waache kumtafutia ukoo.

(d) Itangazwe vilevile kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba.

(e) Ikiwa (a) hadi (d) hayatamrudisha mke wangu, na nimeshaanza kuona kwamba hayatamrudisha, basi Kamati iandikie Serikali ya Korea ikiiomba imrudishe Malkia ikulu mara moja. Nimeambiwa na Opicho, mwenzangu wa Reli, kwamba alikufa karne kadhaa zilizopita. Hilo lisiwe kisingizio. Sisi makarani tunajua kwamba faili lililofungwa hufunguliwa likipata sahihi ya mkubwa. Warudishe jina lake, wamrudishie kiti, watoe cheti chenye muhuri, na nakala moja itumwe Tassia, kwa Lenah, ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

(f) Kama Serikali ya Korea haitajibu, naomba Kamati yenyewe imrudishe. Tumempa majina mawili, tumemwombea homa ikapoa, tumemkalia matanga. Sioni tunashindwaje kumrudisha mtu nyumbani kwake.

Nafunga kwa kukutakia afya njema ya magoti. Nisalimie Mama Wekulo na umwambie yale maharagwe yalikuwa mazuri. Nisalimie Bi. Kavutha pamoja na joho lake, Mzee Muoki pamoja na mguu, mtoto wa Teresiah, kwaya yote, sauti ya tatu hasa kwa sababu hakuna anayewasalimu, na Bwana Muasya, ambaye pamoja na yote aliniletea uji juzi bila kuitwa. Wajumbe wote nawasalimu. Katibu wa Kamati namsalimu peke yake.

Ni mimi, mjumbe wenu wa zamani na mlalamikaji wa sasa,

Ezekia Bwire.

Nyongeza. Mzee Wekulo, mpaka hapa waweza kupumzika ukanywa chai. Yanayofuata ni ya Katibu, na Katibu ndiye anayesoma sasa hivi kwa sauti, kwa kuwa kanuni ya nne haimruhusu kuandika "Hayuko" juu ya barua ya Kamati.

Muhonja, nisamehe kwa kukuingilia kazini. Sikuwa na mlango mwingine. Kila Jumamosi unatoka Tassia kuja kwenye kikao, unanipita pale nje ukiwa na kitabu chako cha kumbukumbu kifuani kama vile mimi ni mti wa stima, na kila Jumamosi nimekuwa nimesimama pale kwa makusudi.

Ndani ya bahasha hii, chini ya karatasi hizi, kuna kanda ya kumi na sita. Niliichukua mimi, ile Ijumaa niliyokuja kukaza bawaba ya kabati. Niliichukua nikaitupe mtoni. Uliandika kwamba utarudi siku yule atarudi, na mimi niliogopa kwamba hatarudi, kwamba atafia kwenye yale majani, na nikaona ni heri mtu asijue mwisho kuliko kuujua. Sikuitupa. Ilikaa chini ya kitanda siku tisa, na usiniulize nililalaje. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Jumapili iliyopita baada ya ibada niliinama, nikaitoa, nikaenda nayo kwa Opicho, kule mtaa wa Jerusalem, ana mashine ya video. Muasya hakuwapo kutufasiria. Nilielewa kila kitu.

Mfalme anamwandikia barua. Inarudi. Anaandika ya pili. Inarudi. Nilidhani Wakorea wametuma mtu kunichungulia. Kisha anakuja mwenyewe, hana farasi, hana mawaziri, viatu vimejaa tope, akasimama langoni kwenye majani yale. Mlango haufunguliwi. Hasemi kitu, Muhonja, yeye ambaye kanda kumi na tano hakuacha kusema. Opicho akaniuliza, "Sasa huyu anangoja nini?" Nikamwambia anyamaze tusikie. Nilimlilia mke wangu katika nyumba ya watu, mchana kweupe, Opicho ni shahidi, na mkewe aliniletea maji.

Kama mlango ulifunguliwa, sikuambii. Kanda unayo mkononi, itazame na akina mama leo, au usiitazame. Karatasi yako ilisema utarudi akirudi, nami sitaki urudi kwa sababu yake. Mfalme hakuwa na haki. Mimi nilikosa kuliko yeye, maana yeye alinong'onezwa na mtu mwingine na mimi nilikujua vizuri. Ndugu zangu nimewaandikia kwamba ikiwa tutakuwa wawili mpaka uzeeni, tutakuwa wawili. Malalamiko yote manane nayafuta, na maombi yote, isipokuwa (f).

Kesho Jumapili, ibada ikiisha, nitatoka Makongeni kwa miguu mpaka Tassia. Desturi inataka niende na mzee, kwa hiyo Mzee Wekulo yumo safarini ingawa anajua leo tu. Yeye akipenda apande gari, magoti si yake tena. Nitasimama chini ya ghorofa ya Lenah. Sitaita wala kupiga mlango. Nilishasema ya kutosha mwaka huu.

Kuku nitamleta. Firigisi ni yako.